Programu Isiyouliza

Sikuona kwamba wifi yangu, mke wa kaka yangu, alikuwa akisoma kwa kuinamia kioo cha kompyuta hadi pua ikakaribia kukigusa. Kila asubuhi nilipita nyuma ya kiti chake katika chumba cha nyaraka cha chuo, nikaona makosa tu: tatu imeandikwa nane, sita imegeuka sifuri. Programu ya kuorodhesha nyaraka niliitunga mwenyewe, na niliionea fahari.

"Wifi, namba hizi unazipigia ramli?" nilimtania.

"Nazibembeleza. Zina maringo kama mwenyewe."

Tukacheka. Alasiri hiyo nilimweleza mkuu wa kitengo kwamba wifi hakuwa makini, na sikuona sababu ya kumthibitisha kazini.

Juma lililofuata kompyuta yangu iligoma, nikaazima ya wifi. Barua pepe, kalenda, kila dirisha lilifunguka kwa herufi kubwa, nyeusi tii. Fundi alikuwa ameziweka, kwa ombi la wifi, katika mipangilio ya Linux yenyewe, mfumo endeshi wa kompyuta, ambayo kila programu hupaswa kuisoma inapoanza. Nikafungua programu yangu. Herufi zikatokea ndogo kama mbegu za ufuta.

Programu yangu haikuuliza mfumo chochote. Niliifunga pamoja na kila inachohitaji ili iendeshwe, na faili lake lenyewe la mipangilio, ili ionekane kwenye kila mashine kama nilivyoichora. Ukubwa wa herufi niliukaza mwenyewe, mdogo ulinipendeza.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilidhani macho ndiyo yananiaga," alisema. "Kisha programu ni yako, wifi. Ningeanzia wapi kukusema mbele ya watu?"

Kumbe muda wote alikuwa akinisitiri, nami nilikuwa nimekwisha kumwanika. Nilimwambia hapo hapo nilichokisema kwa mkuu. Alichukua miwani yake mezani, akaifuta.

Nilikwenda kufuta maneno yangu.

"Tatizo lilikuwa nini hasa?" mkuu aliuliza.

"Programu," nilisema. Kisha nikamalizia: "Mimi niliyeitunga."

Toleo jipya husoma mipangilio ya mfumo kwanza, na palipo na tofauti, mfumo ndio unaofuatwa. Wifi alithibitishwa. Makosa yameisha. Kazi zake sasa hunifikia kupitia kwa mkuu, na hatutaniani tena.