Mkate wa Kamanda Ergash

Kamanda Ergash analala mchana na buti zake miguuni. Alasiri wajumbe wanakuja, lakini mtu aliyekwisha kuhama upande mara mbili bila kupoteza hata unywele wa masharubu hana sababu ya kukosa usingizi. Alianza kama mlinzi wa mabomba ya gesi huko kaskazini mwa Afghanistan, Mwuzbeki asiye na kitu ila bunduki ya serikali. Serikali ikalegea, akahamia kwa waasi. Waasi wakagombana, akahamia kwa jenerali. Na leo adui wa jenerali ndiye anayetuma wajumbe, anataka daraja la Toshtepa analolilinda Ergash lifunguliwe, na wanamgambo mia tatu wa Ergash watangulie mbele kwenda kupigana kusini. Moyoni ameshakubali. Anafumba macho, na godoro linakuwa barabara.

Anatembea, na barabara inaingia mjini, inatoka, inaingia mji uleule, ila nyumba za kulia sasa ziko kushoto, na katika kila kioo cha dirisha anajiona amevaa sare nyingine, na zote zinampendeza, hilo hakatai. Mbele yake anatembea mtu mwenye joho la mistari, na chini ya kilemba chake hakuna uso, ni ngozi tupu, laini kama unga uliokandwa. Unanipeleka wapi wewe, anauliza Ergash. Ulikotoka, anajibu asiye na uso. Mimi nimetoka kwenye barabara hii hii. Basi hujafika mbali, Kamanda. Ergash anacheka kwa sauti, maana anapenda watu wasiomwogopa, mradi wasizidi mmoja kwa siku. Wanaingia kwenye nyumba moja ndefu isiyo na mwisho, na ukutani imetundikwa mikate ya duara, mamia, kila mmoja umeng'atwa mara moja. Hii anaijua. Kwao kijana akienda vitani hung'ata mkate mara moja, na mama yake huutundika ukutani umngoje, na akirudi ndipo anaumaliza. Ule pale ni wa naibu wake Bekmurod, pengo lake la mbele halifichiki. Na hii iliyofunikwa vitambaa vyeupe, anauliza? Wenyewe hawarudi, anasema asiye na uso, uliwaongoza vizuri sana. Ergash anageuka ajibu kwa ukali, na asiye na uso hayupo, yupo mama yake Oysuluv, mwenye uso wake wote na makunyanzi yake yote.

Mwanangu, wako huu hapa, anasema mama. Ergash anautazama mkate wake na kuona haya. Kila alipohama upande alipita nyumbani mbiombio, akang'ata tena badala ya kukaa na kuumaliza, na sasa kimebaki kipande cha mdomo mmoja. Leo unaondoka au umerudi, anauliza mama. Naondoka, mama, safari hii ni kubwa, nitaitwa jenerali. Haya, ng'ata, lakini siku ukirudi nitakupa nini? Halafu anaona kwamba mkononi mama ameshika vitambaa vyeupe, vingi, vimekunjwa vizuri, na cha kwanza ameshaanza kukifungua mbele ya mkate wa Bekmurod. Ergash, ambaye hajaogopa mzinga wala ndege ya vita, anaogopa. Nimerudi, anasema, nimerudi mama, kiweke hicho chini. Anakitia kipande mdomoni, kigumu, kina ladha ya moshi na ufuta.

Kamanda, wageni wamefika, anaita Bekmurod mlangoni. Watu wetu wamejipanga darajani, wanangoja neno lako. Ergash anakaa kitako na bado anatafuna. Nimekula kitu mimi? Hujala, Kamanda, tangu alfajiri hujatia kitu mdomoni. Ergash anatoa punje ya ufuta katikati ya meno, anaitazama, anaimeza. Waambie wageni daraja halifunguki. Na watu wetu? Waende kwao wakamalize mikate yao, na wewe uwe wa kwanza. Watatuua, Kamanda, hawa na jenerali pia. Watajaribu, anasema Ergash, na anajishangaa jinsi alivyo mwepesi, hajawahi kutoa amri akiwa na hakika hivi. Lakini Bekmurod amesimama jua likiwa nyuma yake, na chini ya kilemba chake ni kivuli kitupu. Sogea ndani, anamwambia, nikuone uso. Bekmurod anasogea hatua moja, halafu nyingine.