Sketi ya Bibi Harusi wa Mwisho

Mama mkwe wangu, Rozália, alirudi kutoka misa ya Jumapili ya Matawi, akafungua kabati, kisha akakaa kitako sakafuni na kofia yake kichwani.

"Verona, sketi yako ya harusi iko wapi?"

"Wasichana wameichukua, mama, wamvalishe Kisze wao wa mabua. Si mimi ndiye bibi harusi wa mwisho hapa kijijini?"

"Nilitaka kuwapa yangu. Mwanangu, umetuua. Barua ya Jenő nimeishonea kwenye pindo."

Shemeji yangu Jenő alikuwa ametorokea Austria, na kwenye barua ile alimweleza mume wangu, Vendel, sehemu gani ya mpaka haijategwa mabomu. Mwaka ule wa hamsini na mbili watu walifungwa kwa kusikiliza redio ya nje tu. Barua ile ikionekana, Vendel angekamatwa, na hangerudi tena nyumbani.

"Si ulisema umeichoma?"

"Ni mwandiko wa mwanangu. Ningeuchomaje?"

Nilimwacha analia, nikakimbia. Nyimbo zilikuwa zimeshafika kijitoni. Walikuwa wamemfikisha Kisze ukingoni, mwanamke wa mabua aliyebeba baridi yote na magonjwa yote ya kijiji ili azame navyo, amevaa marinda yangu mekundu yanayopepea. Sisi wake za watu hatukuruhusiwa kushuka. Mke wa mtu akimkaribia Kisze kabla hajazama, mvua ya mawe hupiga mizabibu. Nilisimama darajani na wanawake wenzangu, nimeshika ukingo wa mbao hadi vidole vikafa ganzi.

Chini, kando ya wasichana, alisimama Csépe, polisi wetu. Siku hizo watu watatu hawakukutana bila yeye kuwa wa nne.

Aliyekuwa akimvua Kisze nguo ni Pola. Ningeomba awe yeyote ila yeye. Vendel alimchumbia miaka miwili, kisha akaja kwetu kuniposa mimi, na tangu siku hiyo Pola hakuwahi kuniitikia salamu. Alivua kitambaa cha kichwa, akavua blauzi, akampa mwenzake. Akashuka kwenye sketi. Mkono wake ulipita kwenye pindo, ukasimama.

Alibonyeza tena. Kisha akainua macho moja kwa moja mpaka darajani, kwangu. Nilijua amejua. Sikuweza hata kutikisa kichwa. Nilimwomba Mungu, na sikumbuki nilimwomba nini.

"Mbona umesimama?" Csépe alimuuliza. "Lete hiyo sketi niione."

Pola aliikunjakunja sketi, akaizungushia jiwe la ukingoni, akairusha katikati ya maji. Kisze akafuata.

Wasichana walipiga yowe. Nguo za Kisze hurudishwa kwa mwenyewe, haijapata kutokea vinginevyo, na sketi ile ilikuwa na thamani ya ng'ombe. Maji ya theluji iliyoyeyuka yalikuwa yakienda kasi, yakaimeza.

"Wee! Una wazimu?" Csépe alimshika mkono. "Kulikuwa na nini mle?"

"Kulikuwa na kiuno cha yule mwizi pale juu, afande!" Pola alipaza sauti hadi darajani. "Kaninyang'anya mwanaume, leo nimvulie na sketi niikunje vizuri nimpelekee? Namtaka Vendel mpaka leo! Haya, andika kwenye kidaftari chako!"

Daraja zima liliangua kicheko. "Jamani, mtoto wa watu hana haya!" alisema mmoja. "Huyu sasa ataolewa na nani?" akasema mwingine. Csépe hakucheka. Alitazama maji, akanitazama mimi, akaniita kwa kidole. Kisze alikuwa ameshazama, kwa hiyo nikashuka.

"Sketi ya harusi imetupwa majini, na wewe umenyamaza tu," aliniambia. "Mwanamke gani huyo?"

Nikamfuata Pola, nikamwita mbwa, nikamzaba kofi. Shavu lilimwiva. Aliniparamia, akanishika nywele, akauvuta uso wangu karibu na mdomo wake.

"Piga tena," alininong'oneza. "Bado anatuangalia."

Nikampiga tena.