Moto Kifuani mwa Setsuyo

Mwaka 1957, kule Osaka, nilikuwa nachora vitabu vya katuni vya kukodisha, na mama yangu ndiye aliyefuta penseli wino ukishakauka. Nyumba za wachoraji zilikuwa hivyo. Mke, dada au mama, lazima mtu ashike raba. Maneno Mama hakuyasoma. Alifuta tu, akapuliza vumbi.

Shujaa wangu, binti wa chuma mwenye moto wa atomu kifuani, alipendwa mno. "Yasunori, umetuokoa wewe!" alicheka mhariri, Bwana Kumagai. "Juzi tu watoto wakisikia atomu wanalia. Leo wanaitaka kifuani!" Mama nilimwambia binti anaendeshwa kwa betri.

Njia ya mwongo ni fupi. Siku moja, kurasa zikisubiriwa kesho yake, raba ilisimama.

"Yasunori. Hiki kidoti chini ya sikio ni cha nani?"

Kilikuwa cha Setsuyo, dada yangu, aliyeungua akafa kwa bomu la atomu la Hiroshima akiwa na miaka kumi na mmoja. Sikukusudia, mkono ulimchora wenyewe, na nilipomwona nikashindwa kumwacha. Hatukubakiwa na picha yake hata moja. Niliogopa Mama atanichukia, na sikuwa na mtu mwingine duniani.

"Na hapa kifuani pana nini?"

"Betri, Mama."

"Mimi si kipofu, leo nimeyasoma maneno! Mwanangu umemtia kitu kilekile kilichomuua?"

"Watoto wanapenda, Mama."

"Wanapenda! Na wewe je?"

Akaanza kukifuta kile kifua. Wino haufutiki kwa raba, alilijua hilo kuliko mimi, lakini alisugua, akasugua, mpaka karatasi ikatoboka. Akalitazama lile tundu. Kisha akatoa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu siku tulipomtafuta Setsuyo kwenye vifusi.

"Nimemtoboa," alisema. "Nimemtoboa mwanangu."

Nilimshika mabega, akanisukuma. Alichukua gundi na kipande cha karatasi nyeupe, kama tulivyozoea kuziba makosa, akakibandika kwa nyuma na kukilaza kwa kidole gumba. Kisha akanisogezea ukurasa.

"Mrudishie moto wake."

"Mama, naweza kumwekea betri kweli."

"Betri inakwisha," alisema. "Mrudishie. Sitaki afe tena."

Nikachora. Nilitaka mkono utetemeke, haukutetemeka. Ule moto ulitoka mzuri kuliko yote niliyowahi kuchora.