Pikipiki Iliyofia Mlangoni kwa Dada

Pikipiki ndogo za zamani hazina siri. Ikigoma kuwaka asubuhi, platini zimechafuka au petroli imelala kwenye kabureta mpaka ikageuka gundi. Ikiwaka huku inakohoa, ekzosi imejaa masizi. Sijawahi kukutana na pikipiki iliyonidanganya. Wanaonichosha ni wenye pikipiki. Mtu anaisukuma mpaka gereji, jasho linamtiririka, halafu anaapa kwamba jana ilikuwa nzima kabisa.

Ile ya fundi cherehani niliijua kwa sauti kabla sijamjua mwenyewe. Ilikuwa nyekundu, ya mipigo miwili, kiti kimeshonwa upya kwa kitambaa cha suti, na kila jioni ilipita mbele ya gereji yangu ikielekea mlimani. Fundi huyo aliposhikwa na homa akarudishwa nyumbani kwa gari la jirani, mkewe ndiye aliyekwenda kuichukua dukani. Kesho yake akaniletea, amefura.

"Fundi, hii kitu inamdhalilisha mume wangu," alisema. "Kila jioni inakufa mlimani. Tena haifi mahali pengine, inafia mlangoni kwa wifi yangu. Jana imenilaza na mimi."

"Wifi yako hakukusaidia?"

"Alitoka mbio na jagi la maji. Kuona ni mimi, uso ukamshuka." Akavuta kigoda, akaketi bila kukaribishwa. "Na wale hawakuwa wanasemezana. Mama yao alipofariki, wifi aligawa cherehani ya marehemu kwa mtu baki, ileile ambayo mama alimfundishia mume wangu kushona. Mume wangu akaapa mbele ya ukoo mzima kwamba kwa hiari yake hatakanyaga tena kwa dada yake. Sasa hiki chuma kinampeleka kwa nguvu, anakaa pale mpaka kipoe. Hebu fikiria aibu hiyo."

Sikuifikiria sana. Nilichukua spana.

Plagi ilikuwa kavu, rangi ya kahawia, kama inavyotakiwa. Moto ulikuwa wa buluu na unalia. Nilisafisha platini hivyo hivyo, nikafungua kabureta nikapuliza jeti, nikaangalia bomba la petroli kama lina kutu. Hakuna kitu. Ikawaka kwa kiki moja na kuunguruma palepale gereji mpaka mke wa fundi akaanza kuniangalia kwa jicho la kunidharau.

Basi nikaipeleka mlimani, mahali ninapojaribia pikipiki zote. Ilipanda vizuri, ikaanza kupungukiwa nguvu, ikakata mbele ya lango la kijani. Kabla sijashuka, lango likafunguka. Akatoka mwanamke wa makamo, khanga kiunoni, jagi mkononi. Aliponiona akasimama.

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Ana homa, mama."

"Kali?"

"Mkewe anasema anaendelea vizuri."

Akashusha pumzi. Maji akanipa mimi, ila nilijua kabisa hayakuwa yangu.

Nilipofungua mfuniko wa tangi, tangi likavuta hewa, fyuu, na pale pale ugonjwa nikaujua. Mfuniko una kitundu chembamba cha kuingizia hewa. Kikiziba, petroli inatoka kidogo kidogo, halafu ndani panabaki ombwe, haitoki tena. Asubuhi pikipiki inateremka, haili mafuta, inafika salama. Jioni inapanda, inakunywa, inakata. Ukingoja kidogo au ukifungua mfuniko, inawaka kama hakukuwa na neno. Nilichokonoa kwa pini, kikatoka kipande cha sabuni ya buluu. Sabuni haiyeyuki kwenye petroli, hata sisi tunazibia matangi yanayovuja. Nikajisemea, watoto wa mtaani hao wamechezea.

Nilimrudishia mke wa fundi pikipiki yake, na kwa kuwa nilikuwa na furaha ya ushindi, nikampa na pini. Nikamwonyesha kitundu. "Kila asubuhi kabla hajatoka, pitisha hii hapa. Haitamlaza tena."

"Mungu akuzidishie, fundi," alisema, na pini akaichomeka kwenye ukosi wa gauni lake kama medali.

Fundi cherehani alipopona alikuja mwenyewe. Mtu mrefu, mkimya, futi ya kupimia shingoni. Nilijua amekuja kushukuru, nikajiweka tayari. Akazunguka zunguka, akashika tairi, akaulizia bei ya cheni ambayo haihitaji.

"Imekuwa nzima mno," alisema mwishowe.

"Ndiyo kazi yangu."

"Haiwezekani kuirudisha ilivyokuwa?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Nilipomtazama vizuri ndipo nikaona kilichobanwa nyuma ya sikio lake: kipande chembamba cha sabuni ya buluu, anachochorea vitambaa kabla ya kukata. Kicheko kikaniisha.

"Ulikuwa unaiziba mwenyewe."

"Niliapa mbele ya watu kwamba siendi kwa hiari yangu. Aliyekwama hana hiari." Alisema hivyo kwa utulivu, kama mtu anayesoma vipimo vya suruali. "Mwanzo alikuwa ananipa maji, ananiacha nje. Baadaye akaniambia niingize pikipiki kivulini. Juzijuzi ameanza kunisimulia habari za mama. Sasa mke wangu ana pini yako. Ikifa tena wakati kitundu kasafisha mwenyewe, atajua naiziba mimi. Anaamka nayo, analala nayo."

"Si umwambie tu mkeo?"

"Nimwambie nini? Kwamba kiapo changu ni cha sabuni?"

"Mimi siharibu pikipiki nzima," nilimwambia. "Washa, panda, gonga lango. Watu wazima nyie."

Alipanda, akawasha kwa kiki moja, akaondoka. Injini iliimba vizuri sana.

Baada ya hapo kila nilipokuwa mlimani jioni na pikipiki ya mteja, nilimwona yule dada amesimama langoni na jagi lake. Mdogo wake anapita, macho mbele, mgongo umenyooka, pikipiki haina hata kikohozi. Dada anabaki kuitazama mpaka ipotelee kwenye kona, halafu maji anayamwagia maua. Iliniuma. Nimeshatengeneza vitu vingi na sijawahi kuona kazi nzuri ikileta hasara ya namna ile.

Jioni moja sikuisikia ile sauti. Nilitoka nje, nikamwona fundi cherehani anapita anaisukuma, shati limelowa mgongoni. Damu ikanichemka. Kazi yangu hiyo, inasukumwa barabarani watu wanaona!

"Imeharibika wapi?" nilimfuata.

"Haijaharibika."

"Imeisha mafuta?"

"Tangi limejaa. Niache, fundi."

Alikuwa ameisukuma hivyo tangu dukani, na mlima ulikuwa bado wote uko mbele yake. Homa ile haikuwa imemwacha vizuri. Nilimtukana kimoyomoyo. Kisha nikashika nyuma ya kiti, nikasukuma.

Tulipofika kwenye lango la kijani hakuna aliyekuwa na pumzi ya kugonga. Hakukuwa na haja. Dada alikuwa amekwisha toka. Alimtazama mdogo wake, akanitazama mimi.

"Imekufa tena?"

"Imekufa, dada," alisema fundi cherehani.

"Fundi, si nasikia uliitengeneza?"

Majirani wawili walikuwa wamesimama ng'ambo wanatusikiliza, na mmoja ni mteja wangu. Fundi cherehani alikuwa anatazama chini, ameshika mpini kwa mikono miwili.

"Imenishinda, mama," nikasema.

Dada akamkabidhi mdogo wake jagi. Akainama, akaweka kiganja juu ya injini ambayo siku hiyo haikuwa imewashwa tangu asubuhi, akakiacha pale kwa muda. Alipoinuka macho yake yalikuwa yamelowa.

"Ina moto sana," alisema. "Iingizeni ndani. Hii leo itachelewa kupoa."