Wazazi Ndani, Watoto Barazani

Mimi nina steshenari pale Kasulu mjini, jirani na soko, na kila mwaka matokeo ya kidato cha nne yakitoka nakonda. Si njaa, ni wazazi. Watoto huchagua masomo ya kidato cha tano wenyewe wakiwa bado shuleni. Halafu linafunguliwa dirisha la kubadilisha mtandaoni, basi hapo baba na mama wanakuja kwangu mbio kufuta alichochagua mtoto. Mzazi anaingia, anakaa kwenye kiti, anasema anachotaka. Mwenye kusoma anasubiri nje barazani. Ndivyo tulivyo hapa kwetu, na mimi Kuruthumu nimeshazoea, nabonyeza tu.

Siku dirisha linakaribia kufungwa, akaingia Mudathiri muuza vitenge. Huyu bwana asili yake ni Ujiji, na akianza kuongea humzimi. Binti yake Shadia amefaulu vizuri, Hisabati na Fizikia ndiyo usiseme, na Mudathiri ameshautangazia mtaa mzima kwamba mtoto anakwenda kuwa daktari. Msikitini wanamwita Baba Dokta, naye anaitika!

"Dada Kuruthumu, niwekee PCB," akasema hata hajakaa sawasawa. "Fizikia, Kemia, Biolojia. Fanya haraka, nimeacha duka wazi."

Nikafungua ukurasa wa Shadia kwenye kompyuta. Alikuwa amechagua Fizikia, Jiografia na Hisabati.

"Hayo ya nini?" akauliza.

"Si anataka kuwa mpima ardhi? Ina maana hajakwambia?"

"Kaniambia, nikajua anatania! Binti yangu ashinde huko kijijini Titye anavuta kamba kwenye mashamba ya watu? Futa!"

Kusema kweli roho iliniuma. Shadia namjua, ni mtoto anayeweza kuangalia ramani kama wenzake wanavyoangalia tamthilia. Dirishani nilimwona amekaa barazani, ameshika tama. Lakini mtoto si wangu, ningefanyaje? Nikabonyeza ili nibadilishe, mtandao ukagoma. Kile kiduara kikazunguka, kikazunguka, nasi tukabaki tunakikodolea macho.

Aliyefuata kwenye foleni alikuwa Manirambona, mkulima wa maharage wa Kitanga. Wazee wake walitoka Burundi, sasa yeye na familia yake ni raia, na binti yake Claudine amesoma darasa moja na Shadia. Tena wakati huo Claudine alikuwa hapo hapo barazani, kimya pembeni ya mwenzake. Manirambona alitaka mtoto aandikiwe Historia, Jiografia na Kiingereza ili aje kuwa mwanasheria.

Mudathiri kusikia hivyo akageuka na kiti chake.

"Mwanasheria? Claudine? Huyu ambaye nikimuuliza habari za nyumbani ananijibu kwa kichwa?"

"Huyo huyo," Manirambona akasema.

"Sasa mahakamani si atamtetea mtu kwa kichwa! Hakimu anauliza, yeye anatikisa! Mzee, acha vichekesho. Kwani mtoto mwenyewe anapenda nini?"

"Mbuzi."

"Mbuzi?"

"Anapenda mbuzi. Mbuzi akiumwa, yeye hali. Shuleni alichagua Kemia, Biolojia na Kilimo, anasema atatibu mifugo."

"Basi si umwache na mbuzi wake! Unamlazimisha ya nini mtoto wa watu?"

Manirambona akamtazama, akaanza kucheka taratibu, mabega yanamtikisika. "Mana yanje, Mungu wangu! Hebu msikieni anayesema! Na wako je? Siku ya Idi si ulitualika pilau? Ukamwambia Shadia ashike kuku umchinje. Kuku akabaki mzima, binti akaanguka chini. Kuku tukamkimbiza sisi wageni mpaka kwa jirani. Ndiye huyo unataka akapasue watu?"

Steshenari nzima ikaangua kicheko. Mimi nilicheka mpaka nikashika meza.

"Lilikuwa joto tu," Mudathiri akajitetea.

"Joto la Kasulu? Asubuhi ile? Yewe! Watu tulivaa masweta!"

Mudathiri akakigeuza kiti chake, akaelekea kompyuta. Manirambona naye akaacha kucheka, akavua kofia.

"Lakini umesema kweli, bwana," akasema. "Mimi kila nikiitwa ofisini kwa mambo ya uraia wangu, naogopa. Nilitaka nyumbani kwangu apatikane mmoja wa kuwajibu wale watu. Claudine hawezi. Nitamtesa bure, sifuti alichochagua."

"Angalau wewe una sababu," Mudathiri akajibu kwa sauti ya chini. "Mimi nimenogewa tu kuitwa Baba Dokta."

Hapo mtandao ukarudi. Jina la Shadia likatokea kwenye kioo, masomo yake matatu yako vile vile alivyoyaacha.

"Haya, nifute au nisifute?" nikawauliza. Mimi subira sina. "Watu wanasubiri hapa!"

Mudathiri akainuka. "Shadia!"

"Abee, baba."

"Njoo ukae hapa. Weka unachotaka mwenyewe. Mimi niko nje na mzee mwenzangu."

Wakatoka wote wawili, wakakaa barazani pale alipokuwa Shadia, pembeni ya Claudine. Shadia akakaa kwenye kiti, akashika mausi. Nikajua atabonyeza kuthibitisha palepale, si ndicho alichokuwa anakililia? Habonyezi. Namtazama, ameuondoa mkono kwenye mausi.

"Vipi tena, mwanangu?"

"Shangazi," akaninong'oneza, "baba angenichagulia, halafu nikafeli, ningesema ni yeye alinilazimisha. Sasa nikifeli nitamlaumu nani?"

Nilimwonea huruma, na papo hapo nikamfurahia hata machozi yakanilenga. Nikavuta kiti changu nyuma ili nisimsimamie.

"Mbona kimya huko?" Mudathiri akaita kutoka nje. "Umeshaweka?"

"Bado, baba."

"Chukua muda wako!"

"Na duka je?"

"Achana na duka, mwanangu! Wewe fikiri."

Shadia akacheka, akafuta pua kwa ncha ya mtandio. Akasoma tena kwenye kioo, somo moja moja, kwa sauti: Fizikia, Jiografia, Hisabati. Kisha akavuta pumzi.

"Basi nitajilaumu mwenyewe," akasema, akabonyeza.