Kocha wa Soka Alipopewa Wavu

Mwalimu Ednah alipohamishiwa Kiambere katikati ya muhula, timu ya mpira wa wavu ya wasichana wa mji wa Maua ilibaki bila kocha. Wazee wa kamati ya michezo walikaa dakika kumi tu, wakampa Gitobu. Gitobu jamani! Mtu wa soka tangu utoto, ambaye hata kufunga ule wavu hajui. Walipoulizwa wakajibu kwamba mpira ni mpira. Kuruthumu, mwenye bucha karibu na stendi, aliposikia jibu hilo aliweka kisu chini ili acheke vizuri.

"Basi mimi nakata nyama," alisema. "Nipeni na chumba cha upasuaji pale hospitali."

Lakini kicheko hicho hakikukaa, kwa sababu binti yake Nadhira alikuwa kwenye timu. Mwezi uliofuata wangecheza Embu, na Mwalimu Idil wa chuo kimoja cha Nairobi angekuja kutazama. Alikuwa na nafasi moja ya kumsomesha msichana bure miaka mitatu, chakula na malazi ndani. Nadhira alimaliza shule mwaka jana na tangu hapo anauza mifupa ya supu pamoja na mamake. Njia nyingine hakuwa nayo.

Na Kuruthumu aliwajua makocha. Aliucheza wavu alipokuwa shuleni Meru, na tangu hapo amekuwa akiwachunguza mmoja mmoja. Runji wa riadha, huyo mvivu! Anamwambia mkimbiaji neno moja kabla ya mbio, anarudi kivulini na gazeti lake, anaamka wakati wa kupigwa picha na mshindi. Lakini afadhali yeye, maana mtu akishaanza kukimbia kocha hana tena la kumharibia. Ednah alikuwa mkimya, akiona mambo yanaharibika anasimamisha mchezo, anawaita wasichana, anasema sentensi mbili, wanarudi wamenyooka. Kocha wa soka naye ni koo tupu. Anapayuka dakika tisini, winga aliye upande wa pili hasikii chochote, na timu ikishinda bwana mkubwa anadai ni kazi yake.

Gitobu alianza kwa kuwakimbiza wasichana mlimani kama wanaenda kulima. Halafu kila Ijumaa aliwapanga mstari na kuwachambua vile watu wa Maua wanavyochambua miraa kabla haijafungwa kwa majani ya ndizi. "Wewe kangeta, miraa safi. Wewe pia kangeta. Wewe..." Akifika kwa Nadhira anatikisa kichwa. "Huyu ni mabaki. Mpe mbuzi."

Siku alipokuja kununua matumbo, Kuruthumu alimuuliza kosa la mtoto ni lipi.

"Hafungi," Gitobu alisema. "Nimehesabu. Mechi tatu, pointi mbili."

"Kocha, huyo ni seta! Kazi yake ni kumwinulia mwenzake mpira, mwenzake apige. Hao unaowaita kangeta, uliza ni nani anawawekea."

"Mama Nadhira, wewe uza nyama, mpira niachie."

Kuruthumu alimfungia matumbo yake nusu kilo kamili, bila nyongeza hata ya ukucha.

Siku ya Embu, Nadhira alianza benchi. Mwalimu Idil alikaa upande wa pili wa uwanja na faili lake. Seti ya kwanza ilipotea, ya pili ikapotea vibaya zaidi, na mipira iliinuliwa ovyo, mmoja uliwahi kumpiga refa. Gitobu alipayuka mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Hatimaye Sheila, kapteni, akamwambia mbele ya wote kwamba bila Nadhira hawaingii.

Seti ya tatu Nadhira aliianza yeye, na mambo yakabadilika. Mpira ulipanda palepale Sheila alipoutaka, akaupiga, chini! Tena, chini! Ikawa ishirini kwa kumi na tatu. Kuruthumu alimwona Mwalimu Idil akiandika.

Ndipo Gitobu akatazama saa. Saa, kwenye wavu! Akamtoa Nadhira, akamwingiza msichana mmoja mrefu.

"Sasa tulinde!" alipaza sauti.

Tulinde nini? Goli liko wapi? Kuruthumu alishuka ngazi za jukwaa akajipenyeza mpaka nyuma ya benchi.

"Omba mapumziko, Kocha. Una mapumziko mawili kila seti. Halafu mrudishe."

"Ameshatoka, harudi," Gitobu alimnong'oneza. "Sheria ni sheria."

"Hiyo ni ya soka, wewe! Huku anarudi!"

Gitobu alimgeuzia mgongo. Timu ikapoteza ishirini na tatu kwa ishirini na tano, mechi ikaisha.

Mwalimu Idil alivuka uwanja moja kwa moja hadi kwa Gitobu. Wazee wa kamati walikuwa wameshamzunguka wakimpa pole.

"Namba saba, seta wako," alisema. "Ni goti au kifundo cha mguu?"

"Nini?"

"Hakuna kocha anayemtoa seta akiongoza kwa pointi saba, isipokuwa ameumia. Mwaka jana tulichukua mgonjwa, chuo hakitaki tena."

Gitobu aliwatazama wazee, akatazama viatu vyake.

"Goti," alisema. "Limekuwa likimsumbua."

"Mwongo!" Kuruthumu alipiga kelele. "Mwongo mkubwa wewe! Mtoto ni mzima!"

"Mama, kila mzazi huniambia mtoto wake ni mzima," Mwalimu Idil alisema kwa upole, akifunga faili. "Mimi humsikiliza kocha."

Mdomo wote ule wa Kuruthumu, na leo haukuwa na faida. Nadhira ndiye aliyesogea mbele ya Gitobu, karibu kabisa.

"Kocha, goti langu lina nini?"

Midomo ya Gitobu ilicheza, sauti ikatoka ndogo kama ya mtu aliye kanisani.

"Sijasikia," Mwalimu Idil alisema.

"Sikujua."

"Sauti, Kocha!" Kuruthumu alisema. "Ile ya kuwaita watoto wa watu mabaki!"

"Sikujua kwamba anaweza kurudi!" Gitobu alipayuka, na uwanja mzima ukageuka. "Hana goti! Hana kitu! Sikujua!"

Wazee wa kamati walianza kutafuta simu mifukoni.

"Na zile seti mbili za kwanza?" Mwalimu Idil aliuliza.

"Pia sikujua."

Mwalimu akafungua faili tena, akamgeukia msichana. "Jina lako kamili?"

Nadhira akalitaja. Kuruthumu alikuwa na matusi matatu tayari mdomoni, yote ya Gitobu, na hakuna hata moja lililotoka. Aliketi chini kwenye saruji, akalia.