Wagonjwa Walioitwa Wavivu

Mwaka wa arobaini na tisa Abdulrahmani alikuwa dresa wa kambi ya wajenzi wa bandari ya Mtwara, kazi yake kufunga vidonda na kugawa dawa. Asubuhi moja msimamizi wa kambi, Mzungu mwenye sauti ya kukwaruza, alimtupia daftari la wagonjwa mezani.

"Hawa wanaoharisha wote, andika wavivu. Mvivu hapewi kitanda."

Majina ishirini na matatu! Abdulrahmani aliyasoma moja moja. Wanaume wale walikuja na vifua vipana. Miezi minne ya kambi imewageuza mifupa. Kijihoma kikipita, wanaanguka. Kidonda cha unyayo hakifungi. Tumbo ndiyo usiseme.

Na kulikuwa na jambo lililomkera kwa wiki nyingi. Vibarua wa Naliendele, kijiji cha jirani, waliorudi kwao kila jioni, walivunja mawe yale yale, wakanywa maji ya pipa lile lile. Hao hawakuugua. Tofauti ilikuwa chunguni. Kambini watu walilishwa unga wa mahindi uliokobolewa ukabaki mweupe kama chokaa, na chumvi. Maharage Jumapili, yakiwapo. Wa Naliendele walikula muhogo, kunde, kisamvu, samaki, na asubuhi uji wa mtama uliolazwa mpaka ukachacha.

Akamwomba Mwanakombo, mama mtu mzima wa Rahaleo, awe analeta chungu cha uji huo. Abdulrahmani alianza kumnywesha Ismaili, kibarua wa Kilambo ambaye hata kukaa hawezi. Siku ya sita Ismaili alijiendea chooni mwenyewe. Ya kumi alikuwa akigombana na wenzake juu ya karata.

Daktari alipokuja kukagua, Abdulrahmani alimweleza yote.

"Nimeutazama uji ule kwa hadubini ya hospitali, Bwana Daktari. Una vijidudu, lakini nadhani si maadui. Labda tumboni mwa mtu wamo wa kumlinda, nao wanataka chakula chao. Unga huu mweupe hauwaachii kitu."

Daktari akacheka. "Vijidudu ni vijidudu. Wewe umesomea kufunga bandeji, sivyo?"

Jioni ile ile ikaja amri: chakula cha nje marufuku, ni uchafu. Kesho yake askari wa lango aliumwaga uji mchangani, mbele ya wagonjwa waliokwisha shika vikombe.

"Nimelea watoto saba kwa mikono hii!" Mwanakombo alipiga kelele. "Leo ndiyo michafu? Kamuulize bwana wako, unga wake umemponya nani!"

Wiki mbili baadaye Ismaili akaanza kuharisha tena. Wiki ya tatu walimzika, Abdulrahmani mwenyewe akiwa kaburini kumpokea. Alirudi ofisini na udongo magotini, akafungua daftari, na mbele ya jina la Ismaili akaandika: "Ameuawa na chakula cha kambi."

"Futa," msimamizi alisema.

"Sifuti."

"Nitakufukuza."

"Nifukuze. Ukitaka neno hili lifutwe, futa kwa mkono wako, hawa wakikuona."

Vibarua walikuwa wamejaa dirishani. Siku ile hakuna aliyeinua nyundo. Siku tatu masufuria yalirudi jikoni yamejaa ugali ule mweupe. Ya nne, lori likaleta kunde, mtama na mboga, na Mwanakombo akafunguliwa lango.

Abdulrahmani hakuyaona hayo. Alikwisha fukuzwa, yuko kwao Mikindani. Aliyasikia kwa Waziri, karani wa kambi, aliyemjia miezi michache baadaye na habari nyingine: wagonjwa wamepungua, na Daktari ameandika ripoti ndefu kwamba yeye ndiye aliyegundua faida ya vyakula vya wenyeji. Amesifiwa sana.

"Jina langu limo?"

"Halimo, ndugu yangu."

"Na la Ismaili?"

Waziri akatikisa kichwa.

"Langu lisiwemo, sawa!" Abdulrahmani alisema. "Lakini mtu amekufa wapate kujifunza kupika kunde, hata kumtaja wameshindwa? Mamake ameambiwaje?"

"Waliandika barua kwa jumbe wa kwao. Kwamba alikuwa mtegaji kazi, akaugua, akafa."

Abdulrahmani aliingia ndani, akatoka amevaa kanzu na viatu vya safari, akauliza njia ya Kilambo, kwa mamake Ismaili, ni ipi iliyo fupi.